Boksi la Ng'ombe Lililokwenda Ngulyati

Jumatatu, 2 Juni

Nimefua mashati yake yote, nikaanika, kisha nikakaa kwenye ngazi kuyaangalia yakipigwa na upepo. Mke mjinga kama mimi hayupo Bariadi nzima. Tumefunga ndoa baada ya Pasaka na bado nikisikia geti linafunguliwa moyo unaruka kama wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Maduhu kaondoka alfajiri kwenda Lalago. Msimu wa pamba umeanza na kiwanda kimempeleka vituoni kuangalia mizani, maana ndiyo kazi yake. Atakaa wiki nzima. Kanibusu kwenye paji la uso. Alinukia sabuni na ile gundi yake. Naipenda hata gundi.

Mchana nimefuta vumbi kwenye vidude vyake. Yeye anaviita modeli. Ndege za plastiki za kuunganisha, meli, malori, watu wadogo kama punje za mahindi. Maboksi mengine hajayafungua, yamepangwa mpaka karibu na dari. Huagiza Dar, yanaletwa na basi. Juu ya televisheni kuna kundi la ng'ombe aliowafinyanga mwenyewe kwa udongo. Jioni huvaa miwani, hushika brashi yenye nywele chache, hata kupumua hapumui. Akimaliza kitu ananionyesha. Nasema kizuri sana mume wangu. Na kweli. Kila anachochagua ni kizuri, si kanichagua mimi.

Kulala bila yeye ni kazi.

Jumanne, 3 Juni

Ester kaja. Tulisoma naye sekondari, tukalala kitanda kimoja cha bweni. Nilitaka aone mapazia. Hakuyaona. Kasimama katikati ya sebule, mtoto mgongoni, macho juu ya maboksi.

"We Neema, umeolewa au umepewa mtoto wa kulea?"

Kacheka. Nami nikacheka. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni biashara hizo. Anauza."

"Aa, afadhali. Nilishaanza kukuombea."

Tukala karanga. Alipoondoka nikakaa. Kwa nini nimesema vile? Sijawahi kumpenda mtu kama ninavyompenda Maduhu, na nimemficha mbele ya Ester kama sufuria iliyoungua.

Jumatano, 4 Juni

Jumamosi jumuiya wanasali kwetu. Mara yao ya kwanza tangu niwe mama wa nyumba. Wataketi wapi? Kila mahali ni vidude. Nimewaza uso wa Ester, nikauzidisha kwa akina mama wote wa jumuiya. Jasho.

Nimempigia Maduhu. Nimesema sebule imebana tu, sikusema lingine. Kelele za malori nyuma yake. Akasema, "Punguza unavyoona wewe, mke wangu. Nakuamini."

Nakuamini. Nimelia kidogo kwa furaha. Wanaume wangapi wanasema hivyo?

Nimezunguka nikichagua. Ndege siwezi kugusa, zinaonekana za thamani. Maboksi yana nailoni yake bado. Meli ina kamba nyembamba kama nywele, nitaivunja. Wamebaki ng'ombe. Udongo. Watoto wa vijijini wanafinyanga ng'ombe kama hao kila masika na mvua inawayeyusha. Hawa wamepakwa rangi tu.

Alhamisi, 5 Juni

Wifi Kabula, dada yake Maduhu, kaja mnadani. Nimempa boksi la biskuti, ng'ombe wote ndani, nimewafungia vipande vya khanga ya zamani wasigongane.

"Wapelekee watoto nyumbani wachezee. Huku hawana nafasi."

Kaondoka na bodaboda kurudi Ngulyati kwa wazazi, boksi mapajani. Anapunga mkono.

Sebule imepumua. Juu ya televisheni nimeweka maua ya plastiki. Nimesimama mlangoni kama mgeni nijione. Nimejipenda.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepika, nimefagia, nimekodi viti. Nimempigia mayu, mama mkwe, kumsalimu kama kila Ijumaa. Haikupokelewa. Labda yuko shambani.

Jumamosi, 7 Juni

Andika tu, Neema.

Jumuiya walisali vizuri. Mama mwenyekiti kasifu maua. Walipokuwa wanakunywa chai Kabula akapiga. Nikatoka nje.

"Wifi, umefanya nini?"

Sikuelewa. Akaeleza haraka haraka, analia. Alifika na boksi, watoto wakamkimbilia, akasema mke wa Maduhu kawapeni ng'ombe. Wakawapanga uani, wakawatambua. Baba mkwe alikuwa anatoka zizini. Akasimama. Akainama. Akamwinua mmoja, mwekundu mwenye tumbo jeupe. Akamwinua mwingine, mwenye pembe iliyovunjika. Akauliza, hawa wametoka wapi? Watoto wakajibu kwa sauti ambayo majirani wote walisikia: ng'ombe wa bibi harusi wamerudi.

Ni wenyewe. Ni ng'ombe wa mahari yangu. Maduhu aliwafinyanga mmoja mmoja kwa sura ya wale waliotolewa zizini kwa baba yake kupelekwa kwa baba yangu. Madoa yao, masikio yao, ile pembe. Na mimi nimewarudisha kwa baba mkwe, mume akiwa safarini.

Ng'ombe wa mahari wakirudi kwa baba wa mume, ndoa imekwisha. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote huku. Hata mimi niliyelelewa mjini kwa shangazi kwa ajili ya shule nalijua. Ila ng'ombe wenyewe sikuwahi kuwaona. Siku wanapokelewa Zagayu, nyumbani kwa baba, nilikuwa chumbani napakwa hina, wanaume ndio walikuwa zizini.

Nilirudi ndani nikawaongezea watu chai. Nikaimwaga kwenye gauni la mama mwenyekiti. Kasema si kitu. Ilikuwa ya moto.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda misa.

Baba kapiga kutoka Zagayu. Hakusalimia.

"Umeondoka kwa mumeo?"

"Hapana, baba."

"Mnadani jana nimeambiwa umerudisha ng'ombe. Nimesimama pale kama mwizi. Ng'ombe gani, wakati ng'ombe wako kwangu?"

Nikaeleza.

"Unajua wengine wamekwenda kumuolea kaka yako?"

Nilijua. Sitta anaoa baada ya mavuno. Wakwe zake nao wameanza kuuliza, kama ndoa ya dada imevunjika na ng'ombe wanadaiwa, wao wamepokea mali ya nani? Wamesema wasubiri kwanza wasikie.

Kwa hiyo sasa ni Sitta pia. Kwa sababu nilitaka pa kuweka maua.

Sijamwambia Maduhu. Nimeshika simu asubuhi yote. Nimekuwa mwoga. Naandika hapa ili angalau mahali pamoja niwe nimesema.

Jumatatu, 9 Juni

Kaja mwenyewe. Baba yake alimpigia. Kaomba ruhusa, kapanda lori la pamba, nyuzi nyeupe kichwani kote. Nilitaka kumpangusa. Nikaogopa kumgusa.

Hakugomba. Bora angegomba. Kakaa, kaangalia maua juu ya televisheni.

"Nilisema punguza. Nilidhani utaanza na maboksi."

Nikasema sikujua ni ng'ombe gani.

"Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha ng'ombe."

"Nilikuonyesha mmoja mmoja, Neema. Kila jioni. Ulisema mzuri. Nikajua umewatambua, ndiyo maana unawapenda."

Nilisema mzuri. Ndege, nzuri. Meli, nzuri. Ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika, mzuri. Nilikuwa namtazama yeye, vidole vyake, miwani yake ikiteleza puani. Kitu kilichokuwa mkononi sikukiangalia hata mara moja. Nilijidanganya kuwa huo ndio upendo.

Kaniambia alivyoanza. Baba yake alipomwonyesha ng'ombe waliochaguliwa, aliwapiga picha kwa simu. Alitaka nyumbani kwetu wabaki hata wale wa udongo, ili watoto wetu wawajue waliomleta mama yao.

Nimelala upande wangu wa kitanda. Sijui kama najionea huruma au aibu. Aibu.

Jumatano, 11 Juni

Tumekwenda Ngulyati. Maduhu alitangulia, mimi nyuma, macho chini. Nimepiga magoti kabla ya kufika kwenye viti.

"Mwangaluka, baba."

Akaitikia. Hilo tu. Mayu alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. Boksi la biskuti lilikuwa juu ya kigoda katikati ya uwanja, limefunikwa. Hakuna mtoto aliyelisogelea.

Baba mdogo, ndugu yake baba mkwe, ndiye aliyefungua mazungumzo. Mtu wa masihara, na leo alikuwa nayo mengi.

"Mke wetu, wewe ni mwanaume. Umeswaga kundi zima toka Bariadi peke yako, bila fimbo."

Watu wakacheka.

"Tena kwa bodaboda," akasema. "Ng'ombe wetu wamepanda pikipiki, mimi mwenyewe natembea kwa miguu."

Kabula akajificha nyuma ya mlango. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kile kigoda. Hata Maduhu alitabasamu, nikamchukia kwa nukta moja, kisha nikajichukia mimi.

Baba mkwe hakucheka. Alisubiri wamalize. Akasema yeye si mjinga, anajua udongo ni udongo. Lakini watu wa kijiji wamesikia watoto wakitangaza, na mpaka kwa wakwe zake Sitta habari imefika. Udongo haujasema. Mimi ndiye niliyetuma. Akasema hawezi kunirudishia boksi mkononi, kwa sababu nikiondoka nalo itaonekana mwanamke anapeleka na kurudisha mahari anavyotaka. Na hawezi kukaa nalo, kwa sababu atakuwa amepokea. Watatoka hapa wanaume wa ukoo walewale waliopeleka ng'ombe, watalipeleka Zagayu kwa mkono wa wanaume, na baba yangu atapokea mbele ya watu. Nami nitaomba radhi kwanza hapa, kisha kule.

Nikaomba radhi. Sauti haikutoka. Baba mdogo akasema, "Hatujasikia, na sisi wenye masikio mabovu?" Nikarudia kwa nguvu. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua wa minyaa.

Mayu aliinua ungo akaingia ndani. Wakati wa kuondoka nilimshukuru, wabeja, mayu. Akasema, "Haya." Siku ya harusi aliniita mwanangu mara nyingi mpaka nikachoka kuitika.

Jumamosi, 14 Juni

Zagayu.

Wanaume walitembea mbele, boksi mikononi mwa baba mdogo. Leo hakutania. Mimi na Kabula nyuma na jogoo wa kuombea radhi. Njia yote watu walisimama mashambani wakiacha kuchuma pamba. Wakwe zake Sitta walikuwapo tayari, wamekaa peke yao pembeni, hawajagusa togwa.

Baba alitupokea mlangoni mwa zizi, si mlangoni mwa nyumba. Boksi likafunguliwa. Akachuchumaa. Akatoa ng'ombe mmoja mmoja, akaweka chini vumbini, na kila mmoja akamtaja alipo.

"Huyu yuko pale, anakamuliwa. Huyu ana mimba. Huyu alikufa mwezi uliopita, mguu." Akamweka kando. "Hawa wamekwenda kwa hawa wazee." Akawaelekeza wakwe zake Sitta kwa mkono. "Nimepokea wote. Hakuna aliyerudi Ngulyati."

Mmoja wa wazee wale akainuka, akaja, akaokota ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika. Akamgeuza huku na huku.

"Ndiye," akasema. "Hata anavyosimama. Anatusumbua kweli, anapiga mateke."

Watu wakacheka, na wakwe wakachukua togwa. Nikamwona Sitta akipumua upande wa pili wa zizi. Hajanisemesha siku nzima. Ana haki.

Kila kitu kimekwenda vizuri. Ndoa yangu ipo, ya Sitta ipo. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilikuwa natazama wale ng'ombe vumbini na kwa mara ya kwanza nikawaona. Mmoja ana jicho lenye ukingo mweupe. Mwingine kovu begani, mstari mwembamba, sijui alitumia nini, labda sindano. Alikaa jioni ngapi kwa kovu hilo. Nami nilisema mzuri nikiwa nafikiria mboga.

Baba amewaweka juu ya kabati lake la vyombo. Ni wake sasa. Kwetu hawarudi.

Jumanne, 17 Juni

Nilidhani yamekwisha.

Jioni mume wake Ester kaja, anabisha hodi kwa furaha. Anataka ile meli, zawadi kwa bosi wake.

"Unaiachia kwa bei gani, shemeji?"

Maduhu akashangaa. "Nani kakuambia nauza?"

"Mke wangu. Kaambiwa na shemeji hapa, kwamba ni biashara."

Nilikuwa nimeshika sinia. Maduhu akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma tarakimu kwenye mzani, akahakikisha, akaandika kichwani.

"Siuzi," akamwambia mgeni. "Lakini kaa unywe chai."

Wakazungumza bei ya pamba. Mgeni alipoondoka Maduhu akaosha vikombe mwenyewe. Nikasema Ester alinicheka, nikasema nilishikwa ghafla. Akasema, "Nimeelewa." Na ameelewa, hilo ndilo baya.

Ijumaa, 20 Juni

Anapunguza.

Nimetoka sokoni nikamkuta sakafuni na gundi ya karatasi. Maboksi yasiyofunguliwa, ndege, malori, watu wa punje za mahindi wamelazwa kwenye pamba. Anayafunga yote. Kuna mtu Mwanza anayeunganisha vitu kama hivi, wanafahamiana kwa simu tu, atampelekea kwa basi.

"Usipunguze," nikasema.

"Sebule itakuwa kubwa."

"Sitaki sebule kubwa."

"Ulikuwa unavionea aibu."

Nikasema hapana. Akaendelea kufunga. Nikasema ndiyo. Akasimama kidogo, mkasi mkononi.

"Afadhali umesema," akasema. Kisha akafunga boksi lililofuata.

Sikumzuia. Nilimshikia pembe za karatasi akate. Hiyo ndiyo kazi niliyostahili. Meli aliiacha mwisho, akaizungusha, akaipuliza vumbi, akaifunga nayo.

Jumatano, 25 Juni

Sebule kubwa. Ukikohoa inaitikia.

Anarudi kazini, anakula, anasema asante, chakula kitamu. Ananipenda bado, nadhani. Anauliza nimeshindaje. Lakini jioni hukaa na simu kama wanaume wengine. Hana cha kunionyesha. Miwani iko kwenye kasha lake.

Ester kapita, kasema sasa nyumba yako ni nyumba. Nikamwambia ukweli, kwamba haikuwa biashara, zilikuwa za mume wangu, alizitengeneza kwa mkono wake na mimi nilimwonea haya. Ester kasema, "Basi mambo ya watu." Haikunisaidia chochote. Niliyepaswa kumwambia kwa wakati ni mwingine.

Maua ya plastiki nimeyatupa.

Jumapili, 29 Juni

Maduhu alikuwa zamu kiwandani. Baba kapiga mchana. Safari hii alisalimia. Yule mwekundu mwenye tumbo jeupe kazaa.

"Mwambie mwenzako, juu ya kabati pamepungua ndama."

Nikamwuliza ni wa rangi gani. Akataja neno la Kisukuma nisilolijua. Nikauliza masikio. Nikauliza mkia, kwato, tumbo, pua. Nikauliza mguu upi, na weupe unaishia wapi, juu ya goti au chini. Baba akaanza kucheka.

"Unanunua?"

"Naomba utoke ukamwangalie tena, baba."

Akatoka na simu. Nilisikia mbuzi.

Lile neno la rangi likanishinda. Mtu wa kuuliza nilikuwa naye mmoja. Nilikaa kwanza, nikajifuta mikono iliyokuwa mikavu, nikampigia mayu. Ikaita mpaka karibu kukatika.

"Ndiyo."

Nikamsalimu, nikamwambia ndama kazaliwa Zagayu, nikamtajia neno. Nililitaja vibaya. Akalitaja sawasawa, akanifanya nirudie.

"Ni majivu," akasema. "Majivu yaliyonyeshewa mvua." Kisha akauliza, "Mguu wa nyuma ukoje?"

"Wa kushoto mweupe mpaka juu ya goti."

"Kama bibi yake. Nilimkamua miaka mingi yule." Akakohoa. "Haya, mwanangu. Salimia huko."

Maduhu karudi jua linazama. Nikampa maji ya kuoga. Alipotoka nikamwambia yote kwa mpangilio, kichwa, shingo, mgongo, miguu. Alisimama na taulo begani.

"Pua?"

"Nyeusi. Upande wa kulia ina doa la waridi, dogo."

Akafungua droo ya chini. Udongo uliobaki ulikuwa kipande tu, umeanza kukauka. Akaukanda kwa maji. Akavaa miwani. Mimi nikavuta kiti upande wa pili wa meza, si nyuma yake.

Ilipofika rangi akachanganya nyeupe na nyeusi kwenye kisoda, akanionyesha. Nikainuka, nikachota majivu kwenye jiko la mkaa, nikayadondoshea maji, nikayaweka karibu na rangi yake. Tukainama wote wawili.

"Bado," nikamwambia. "Ongeza nyeusi kidogo."

Akaongeza.